Tramu ya Richmond na Watu Walioamua Kutembea kwa Miguu

Usiku mmoja wa Novemba 1887, gari la tramu lilipanda vilima vya Richmond, Virginia, bila farasi wala nyumbu wa kulivuta. Ndani yake alikuwamo Frank Sprague, mhandisi wa miaka 30, akiwa na wasiwasi kama mota zake zingehimili mwinuko ule. Zilihimili, lakini kwa shida. Gari lilipofika juu lilikuwa limepata hitilafu, haliwezi kusogea tena, na barabarani watu walikuwa wamejazana kutazama maajabu. Sprague hakutaka waujue ukweli. Akatangaza kwamba kuna tatizo dogo la umeme, akamwagiza msaidizi wake akalete vifaa, kisha akazima taa na kujilaza kwenye kiti. Watu walingoja, wakachoka, wakatawanyika. Vifaa vilipoletwa vilikuwa nyumbu wanne, nao ndio waliolivuta gari hadi bandani.

Kisa hicho alikuja kukisimulia Sprague mwenyewe, wakati jina lake limeshakuwa kubwa na haliwezi tena kuchafuliwa na nyumbu. Miezi mitatu tu baada ya usiku ule, Richmond ilikuwa na mfumo mkubwa wa kwanza wa tramu za umeme uliofanya kazi kweli, na miji ya Marekani na ya ng'ambo ilikuwa inatuma watu wake kwenda kujifunza.

Richmond ni makao makuu ya jimbo la Virginia. Si jiji kubwa: sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu wakazi 226,610. Limejengwa juu ya vilima kando ya mto James, lilitajirika kwa tumbaku, unga wa ngano, chuma na biashara ya watumwa, na kuanzia 1861 hadi 1865 lilikuwa mji mkuu wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Yote hayo hayana budi kukumbukwa na anayetaka kuielewa historia ya usafiri wake. Reli za Sprague hazikutandikwa kwenye ardhi tupu. Zilipita katika mji ambao, miaka 22 tu kabla, wengi miongoni mwa watu waliopaswa kuwa abiria walikuwa wakiuzwa mnadani au walizaliwa na wazazi waliouzwa.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa kuogofya. Ulitiwa saini mwaka 1887 kati ya Sprague na kampuni ya Richmond Union Passenger Railway. Alitakiwa kutandaza nyaya za umeme kwenye njia ya maili 12, yaani kilomita 19 hivi, kuyawekea mota magari 40, na kujenga mtambo wa kufua umeme wenye nguvu farasi 375. Muda aliopewa ni siku 90. Malipo yalikuwa dola 110,000, nayo angeyapata tu ikiwa mteja ameridhika. Wakati anakubali masharti hayo alikuwa na michoro na majaribio kadhaa, basi. Kisha akaugua homa ya matumbo, akakaa kitandani wiki kadhaa huku kazi ikisimamiwa na wasaidizi wake. Alipopona na kwenda kuzikagua reli, alikuta zimetandikwa ovyo, zina kona kali, na mahali pengine mwinuko ulifika mita 10 kwa kila mita 100 za barabara.

Hapo ndipo ustadi wake ulipoonekana. Wahandisi waliomtangulia walikuwa wakiiweka mota juu ya sakafu ya gari na kupeleka nguvu kwenye magurudumu kwa minyororo au mikanda, ambayo ilikatika au kuteleza kila gari liliporukaruka. Sprague aliishusha mota chini. Upande mmoja aliushikiza kwenye ekseli ya gurudumu, upande wa pili akauning'iniza kwa springi kwenye fremu ya gari. Gari likiruka, mota inaruka pamoja na ekseli, na meno ya gia hayaachani. Juu ya paa aliweka mlingoti wenye kigurudumu kwenye ncha, unaosukumwa na springi ili kigurudumu kiubane waya wa umeme kutoka chini. Mifumo hiyo miwili, ya chini na ya juu, ilitumika katika tramu za dunia nzima kwa miongo mingi baadaye.

Haikuwa tramu ya kwanza ya umeme. Berlin ilikuwa na njia fupi tangu 1881, na Montgomery, Alabama, ilianza kuendesha tramu zake za umeme mwaka 1886. Lakini njia hizo zilikuwa ndogo au zilisumbua mno kiasi kwamba wenye fedha waliendelea kununua farasi. Huduma ya Richmond ilifunguliwa rasmi tarehe 2 Februari 1888, na mwaka huohuo Henry Whitney, aliyekuwa akimiliki maelfu ya farasi wa tramu mjini Boston, alikwenda kujionea. Shaka yake ilikuwa moja: magari mengi yakiondoka kwa pamoja mahali pamoja, umeme hautazidiwa? Sprague alimwamsha usiku, akayapanga magari 22 kwenye kipande cha njia kilichokusudiwa kubeba magari machache tu, akawaagiza wafanyakazi wa mtambo waongeze moto na wasiruhusu mashine kuzimika. Taa za magari zilififia hadi zikakaribia kuzimika, kisha magari yakaanza kusogea moja baada ya jingine hadi yakatoweka gizani. Whitney alirudi Boston na uamuzi wake.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Ndani ya miaka miwili zaidi ya njia 100 za tramu zilizotumia vifaa vya Sprague zilikuwa zimejengwa au zimeagizwa. Mwenyewe aliendelea na kazi nyingine. Mwaka 1897, huko Chicago, alionyesha jinsi mabehewa kadhaa, kila moja likiwa na mota zake, yanavyoweza kuendeshwa kwa pamoja na dereva mmoja aliyekaa mbele. Msomaji aliyepanda treni ya Mchongoko kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma amesafiri kwa kanuni hiyohiyo, kwa sababu treni ile haina kichwa kinachoyavuta mabehewa. Mota zimegawanywa chini ya treni yenyewe.

Kwa wahandisi, historia ya Richmond kwa kawaida huishia hapo. Mwaka 1992 taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, IEEE, iliitambua reli ile kuwa miongoni mwa hatua kuu za taaluma yao. Inastahili heshima hiyo. Lakini sehemu nzito zaidi ya historia hii inaanza pale mota zilipokwishatulia na watu wakaanza kugombea nani akae wapi: ndani ya gari kwanza, kisha ndani ya mji wenyewe.

Kabla ya umeme, mtu wa Richmond aliishi mahali ambapo miguu yake ingeweza kumfikisha kazini. Tajiri, fundi na dobi walikaa mitaa iliyopakana. Tramu iliivunja hali hiyo kwa nauli ya senti chache. Kilomita sita kutoka katikati ya mji zikawa safari ya nusu saa, na shamba lililokuwa likilimwa mahindi likawa viwanja. Lewis Ginter, tajiri wa sigara, alinunua ardhi kubwa kaskazini ya mji miaka ya 1890 na kuhakikisha tramu inafika huko, na mtaa wa Ginter Park ukazaliwa. Barton Heights, Highland Park na Woodland Heights ilikua kwa namna hiyo hiyo. Kusini ya mto, kwenye ukomo wa reli, kampuni ya tramu ilikuwa na bustani ya burudani ya Forest Hill ili hata siku za mapumziko magari yasiende matupu.

Utaratibu huu unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa aliyekuwa na reli mara nyingi alikuwa na ardhi pia, au alikuwa na ubia na mwenye ardhi. Faida ilikuwa kwenye viwanja kuliko kwenye nauli. Njia haikwenda walipo watu wengi. Ilikwenda palipo na shamba linalongoja kupanda bei. Na hati za viwanja hivyo vipya nyingi zilikuja kuwa na sharti lililoandikwa waziwazi, kwamba nyumba isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi. Hivyo chombo kilekile kilichofungua mji kwa wazungu wa kipato cha kati kiliwaacha Waamerika Weusi mahali walipokuwa, na huko nyuma wakabanana.

Mahali hapo palikuwa Jackson Ward, mtaa ulioko kaskazini tu ya barabara kuu ya Broad Street. Wakazi wake walikuwa wamefungiwa milango karibu yote ya mji, wakajenga mji wao ndani ya mji: makanisa, magazeti, vyama vya kuzikana na kusaidiana, hoteli, kumbi za muziki na benki. John Mitchell Jr., aliyezaliwa mtumwa mwaka 1863, alikuwa mhariri wa gazeti la Richmond Planet lililokuwa likiorodhesha na kulaani mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu. Maggie Lena Walker, binti wa mwanamke aliyekuwa akifua nguo za watu, aliongoza chama cha St. Luke, na mwaka 1903 akafungua benki ya St. Luke Penny Savings Bank. Wateja wake wakubwa hawakuwa matajiri. Walikuwa madobi, wapishi na wafanyakazi wa viwanda vya tumbaku walioweka akiba ya senti moja moja.

Mwanzoni mwa 1904 bunge la Virginia lilipitisha sheria ya kuziruhusu kampuni za tramu kuwatenganisha abiria kwa rangi. Iliruhusu, haikulazimisha. Kampuni iliyokuwa ikimiliki tramu za Richmond wakati huo, Virginia Passenger and Power Company, ingeweza kuiacha sheria ile kabatini. Badala yake, Aprili 1904 ilitangaza kwamba weusi watakaa nyuma na weupe mbele, na kwamba kondakta ndiye atakayeamua mpaka uko wapi. Kondakta alipewa mamlaka ya kipolisi. Angeweza kumwinua abiria aliyekwishakaa na kulipa nauli yake, akamhamisha, na akikataa, akamkamata.

Itazamwe hali ya mama aliyetoka kufua tangu alfajiri, amepakata kapu la nguo, amepata kiti, na kijana mwenye kofia ya kampuni anamwamrisha asimame kwa sababu wazungu watatu wamepanda. Hilo ndilo lililokuwa likizungumzwa katika mkutano uliofanyika kwenye ukumbi wa chama cha True Reformers huko Jackson Ward. Kauli ya Mitchell na Walker ilikuwa nyepesi kueleweka: anayejiheshimu atembee. Tarehe 20 Aprili 1904 mgomo ukaanza.

Hawakuandamana, hawakuvunja dirisha hata moja. Waliacha tu kupanda. Magari yalipita Jackson Ward yakiwa na viti vitupu, na njia za waenda kwa miguu zikajaa watu waliokwenda kazini na kurudi, wengine kilomita kadhaa kila upande, katika joto la kiangazi cha Virginia ambalo halimhurumii mtu. Wenye mikokoteni na magari ya farasi waliwabeba wazee. Kila wiki Mitchell aliandika gazetini akiwahimiza wasirudi nyuma na akihesabu hasara ya kampuni. Walker naye, kwa gazeti la St. Luke Herald na kwa mtandao wa wanawake wa chama chake, aliwafikia watu ambao gazeti la Mitchell halikuwafikia. Mtu akiuliza kwa nini mgomo ule uliweza kudumu, jibu mojawapo liko kwenye vyama vile vya senti moja moja. Watu waliokwishazoea kuaminiana kwa fedha zao waliweza kuaminiana kwa miguu yao.

Julai 1904 kampuni ilifilisika na kuwekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Isisemwe kwamba mgomo peke yake ndio ulioiangusha. Ilikuwa na madeni, na mwaka uliotangulia ilikuwa imepambana na mgomo mkali wa wafanyakazi wake. Lakini nauli zilizokosekana Jackson Ward zilikuja wakati mbaya kabisa kwake. Watu waliendelea kutembea kwa zaidi ya mwaka.

Kisha bunge la jimbo likawafungia mlango. Mwaka 1906 sheria mpya ilizitaka kampuni zote za tramu za Virginia kuwatenganisha abiria. Kampuni isiyo na hiari haiwezi kushinikizwa kwa kunyimwa nauli, na hapo silaha ya wakazi wa Jackson Ward ikakosa pa kupiga. Kati ya 1900 na 1906 miji zaidi ya 25 ya Kusini ilikuwa na migomo kama hiyo, na karibu yote iliishia hivyo. Watu wengi wanaojua habari za mgomo wa mabasi wa Montgomery mwaka 1955, za Rosa Parks na Martin Luther King, hawajui kwamba babu na bibi za washiriki wake walikwishafanya jambo hilohilo nusu karne kabla, Montgomery yenyewe ikiwemo. Hawakushindwa kwa kukosa ujasiri. Walikuwa wamenyang'anywa kura, na bila kura hapakuwa na mahakama wala bunge la kuwasikiliza. Kwa mizani yoyote ya haki, mwaka 1904 wa Richmond unastahili kusomwa shuleni kabla ya mwaka 1888.

Utengano wa ndani ya gari ulifuatwa haraka na ule wa mitaa. Mwaka 1911 baraza la jiji lilipitisha sheria ndogo ya kugawa maeneo ya makazi kwa rangi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizibatilisha sheria za aina hiyo mwaka 1917, na jiji lilipojaribu tena kwa maneno mengine, likashindwa tena mwaka 1930. Lakini mwaka 1937 wakala wa serikali kuu aliyeshughulikia mikopo ya nyumba alichora ramani ya Richmond kwa rangi nne, na Jackson Ward ikapakwa nyekundu, maana yake mtaa hatari kukopeshwa. Kilichokatazwa na mahakama kikafanywa na benki.

Tramu zenyewe zilikuwa zimeanza kuzeeka. Magari ya binafsi yaliongezeka, reli zilichakaa wakati wa vita, na basi lilikuwa na faida ambayo tramu haikuwa nayo: lilipita kwenye barabara inayotengenezwa kwa kodi za umma, ilhali kampuni ya tramu ilitandaza na kukarabati reli kwa fedha zake. Mwaka 1944 kampuni ya umeme iliyokuwa ikimiliki usafiri wa mji iliuuza kwa kampuni mpya ya Virginia Transit. Tramu ya mwisho, ya njia ya Highland Park, ilifanya safari yake tarehe 25 Novemba 1949. Baadaye magari mengi yalichomwa moto, mbao zikateketea, chuma kikauzwa kuwa chakavu. Mji ulioufundisha ulimwengu kuendesha tramu ulizimaliza zake katika miaka 61.

Mabasi yaliyozirithi yalirithi pia mpaka wa rangi, hadi Aprili 1956, kampuni ilipotangaza kuuacha baada ya uamuzi wa mahakama. Mtu aliyetembea kwa miguu mwaka 1904 akiwa na miaka 20 alikuwa na miaka 72 siku alipoweza kukaa mbele.

Wakati huohuo mashine za bomoabomoa zilikuwa kazini. Barabara kuu ya magari kupita katikati ya Richmond ilikataliwa na wapigakura wa jiji mara mbili, mwaka 1950 na 1951. Wakubwa wakalipeleka suala hilo bungeni, na mwaka 1954 jimbo likaunda mamlaka maalumu yenye uwezo wa kujenga barabara ya kulipia bila kumwuliza mwenye nyumba wala mpigakura. Richmond-Petersburg Turnpike ilifunguliwa mwaka 1958. Ilipita wapi? Ilipasua Jackson Ward katikati. Mamia ya nyumba yalivunjwa, mitaa iliyokuwa ikiungana ikakatwa na handaki pana la zege, na kaskazini ya handaki hilo ikabaki Gilpin Court, nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini zilizofunguliwa mwaka 1943, zimetengwa na makanisa, maduka na kumbi za mtaa ule.

Mahali pamoja barabara ile inapinda. Ni penye kanisa la Sixth Mount Zion, lililoanzishwa na mhubiri John Jasper aliyewahi kuwa mtumwa. Waumini waliligombania jengo lao, nalo likaokoka. Leo magari yanapita chini ya kuta zake usiku na mchana. Anayesimama pale anaona kwa macho yake kwamba barabara iliweza kupindishwa. Wahandisi waliweza. Nyumba zilizovunjwa hazikuvunjwa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Baada ya barabara kuu, maduka yaliwafuata wenye magari. Kituo cha biashara cha Willow Lawn kilifunguliwa mwaka 1956 upande wa magharibi, kikiwa na uwanja mkubwa wa kuegesha, na miaka ya 1970 maduka makubwa zaidi yakajengwa katika kaunti jirani za Chesterfield na Henrico. Kazi nazo zikahamia huko. Jiji lilinunua kampuni ya mabasi na mwaka 1973 likaanzisha Greater Richmond Transit Company, GRTC. Lakini mabasi hayakuweza kuzifuata kazi, na sababu yake ni ya kisheria. Katika Virginia, jiji si sehemu ya kaunti. Ni serikali mbili zilizo sawa, zenye kodi mbalimbali, na hakuna inayoweza kuilazimisha nyingine. Kaunti zilipokataa kuchangia, basi liligeuza mpakani.

Jiji lilijaribu kuusogeza mpaka huo. Mwaka 1970 lilijitwalia maili 23 za mraba za Chesterfield pamoja na wakazi wapatao 47,000, karibu wote weupe, wakati ambapo weusi walikuwa wanakaribia kuwa wengi miongoni mwa wapigakura. Mkazi mmoja wa nyumba za serikali, Curtis Holt, alikwenda mahakamani kudai kwamba lengo ni kuzipunguza nguvu kura za weusi. Kesi ilizuia uchaguzi wa baraza la jiji hadi 1977. Ulipofanyika, kwa kata tisa, weusi walipata viti vitano na Henry Marsh akawa meya wa kwanza mweusi wa Richmond. Ulikuwa ushindi mkubwa, nao ulikuja na gharama: baadaye jimbo lilisimamisha unyakuzi wa ardhi, na mipaka ya jiji ikaganda. Sensa ya 2020 ilionyesha kwamba Henrico na Chesterfield kila moja ina zaidi ya watu 330,000. Jiji lililo katikati limekuwa dogo kuliko jirani zake wote wawili.

Kwa usafiri, mabadiliko ya kweli yalikuja tarehe 24 Juni 2018. Siku hiyo ilifunguliwa Pulse, njia ya mabasi ya aina ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanaiita mwendokasi: vituo vyenye jukwaa lililoinuliwa, na sehemu ya njia iliyotengwa katikati ya barabara. Ina urefu wa maili 7.6, kilomita 12 hivi, na vituo 14, kutoka Rocketts Landing kando ya mto hadi Willow Lawn. Iligharimu dola milioni 65 hivi, na dola milioni 24.9 kati ya hizo zilitoka serikali kuu. Siku hiyohiyo ramani nzima ya mabasi ya jiji ilibadilishwa ili njia zenye abiria wengi zipate mabasi ya mara kwa mara. Abiria 3,500 kwa siku ndio waliotarajiwa kwenye Pulse, lakini walizidi idadi hiyo mapema. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, GRTC iliacha kutoza nauli ya dola moja na nusu, na hata janga lilipopita haikuirudisha. Mwaka huohuo wa 2020 jimbo liliunda mamlaka ya usafiri ya eneo zima, na kwa mara ya kwanza kodi za kaunti na za jiji zikaingia mfuko mmoja.

Basi la Pulse linapita Broad Street, penye makutano na Adams Street, mbele ya sanamu ya shaba yenye urefu wa futi 10. Ni Maggie Walker, aliyesimamishwa pale Julai 2017, ameupa mgongo mtaa wake wa Jackson Ward na kuielekea barabara ambayo mwaka 1905 alithubutu kufungua duka la wanawake weusi huku wafanyabiashara wa kizungu wakimpiga vita. Ni vizuri kwamba yupo. Ni vizuri zaidi kwamba wapita njia wanaanza kuuliza alifanya nini hata akasimamishwa pale.

Lakini Broad Street si Richmond nzima. Ardhi iliyo kando ya Pulse imebadilishiwa masharti ya ujenzi, na eneo la Scott's Addition, lililokuwa la maghala, sasa lina maghorofa ya kupanga na kodi zinazopanda. Iwe miaka ya 1890 au mwaka 2018, njia mpya huongeza thamani ya ardhi inakopita, na faida humwendea aliyekuwa na ardhi hiyo. Serikali kuu imetoa fedha za kupanga jinsi ya kulifunika handaki la barabara kuu pale Jackson Ward ili pande mbili ziungane tena. Wapangaji wa Gilpin Court, ambayo nayo iko kwenye mipango ya kuvunjwa na kujengwa upya, wana haki ya kuuliza kama watakuwapo siku daraja hilo la udongo na nyasi litakapofunguliwa.

GRTC ina mipango miwili mikubwa mbele yake. Mmoja ni kuirefusha Pulse kwenda magharibi, kwenye maduka na ofisi za Henrico. Wa pili ni kujenga njia mpya ya mabasi ya kasi kutoka kaskazini hadi kusini, ikivuka mto James na kuwafikia watu wa Southside, ambako kaya nyingi hazina gari na basi likichelewa mtu anakosa kibarua. Wa magharibi ni rahisi zaidi kujenga na hauna ubishi mwingi. Ule wa kaskazini na kusini ndio unaowafikia watu ambao jiji hili limewaruka tangu siku za viwanja vya Ginter, na ndio unaostahili kutangulia.